Uzi wa Mafundo Kumi na Moja

9 Februari

Mpwa wangu Chekeche,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo wenyewe tumeshazoeana. Binti yetu mdogo amepasi hesabu, sasa hakai mezani bila kutusahihisha. Mkaza mjomba wako hajambo ila ameninunia tangu Jumapili kwa sababu ya jiwe la kufulia nililomletea. Mwaka mzima amelalamika kwamba anafulia kwenye ubao kama mtu aliyehamia jana. Sasa jiwe analo, pana na bapa, lakini linacheza. Akisugua shati linanesa kidogo, tik, tik, na kila likinesa ananitazama mimi.

Mama yako goti lake vipi? Mwambie kaka yake anauliza, na asijibu "afadhali" tu, aeleze.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Wiki mbili zilizopita tulibandua tabaka moja la mwamba kwenye ngazi ya chini ya machimbo. Chini yake uso wa jiwe ulikuwa laini kama sakafu iliyopigwa mwiko, na juu ya uso huo kuna alama. Ni kumi na moja. Kila moja ina vidole vitatu mbele, na urefu wake ni upana wa vidole vyangu vinane. Zinakwenda kwa mstari, moja huku, moja huku, mpaka zinaingia chini ya ukuta wa mwamba ambao hatujauchimba.

Wenzangu kila mtu ana lake. Mmoja anasema ni kuku wa shetani. Msimamizi wetu anasema ni mashimo ya mvua na turudi kazini. Mimi nimepasua mawe miaka thelathini na moja na sijaona mvua ikitembea kushoto, kulia, kushoto. Wewe ndiye unayekaa na mifupa ya kale huko makumbusho, niambie ni nini. Ngazi hiyo itavunjwa mwisho wa Aprili.

Nimekutumia uzi. Niliulaza juu ya alama hizo na kufunga fundo katikati ya kila moja, ili uone mwendo wenyewe badala ya kusikia maneno yangu. Dereva wa lori la mawe atakuletea mkononi.

Mjomba wako.

27 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Goti la mama kupanda ngazi linapanda, kushuka halitaki, kwa hiyo akishafika juu anakaa huko na kutoa amri. Nilimsomea habari za jiwe la kufulia akacheka mpaka akashika ubavu. Anasema tangu utotoni hujawahi kuleta kitu nyumbani kisichokuwa na kasoro.

Barua yako ilichelewa kwa sababu lori liliharibika njiani, na dereva ananiambia litakaa gereji siku kadhaa. Hata hii sijui utaipata lini.

Mjomba, uzi wako nimeulaza kwenye meza ndefu ya chumba chetu cha chini, kule ninakosafisha mawe kwa sindano za daktari wa meno. Mkuu wangu aliupita mara mbili, mara ya tatu akasimama. Mafundo yameachana karibu dhiraa moja kila mahali, isipokuwa la tano na la sita, ambayo yamekaribiana. Akauliza nani aliyeufunga. Nikasema ni mtu ambaye hawezi kunidanganya.

Lakini tusishangilie bado. Si kila kilicho na umbo la unyayo ni unyayo. Maji huchimba, mizizi huoza na kuacha nafasi, kokoto hung'oka. Ndiyo maana nina maswali, na naomba uyajibu moja moja. Je, pembeni mwa kila alama tope limeinuka na kufanya mdomo, kama unapokanyaga udongo mbichi? Vidole vinaishia kwa ncha kali au butu? Na lile tabaka lililokuwa juu yake, mlilolibandua, liko wapi?

Tafuta mpiga picha, apige asubuhi jua likiwa chini, na rula iwekwe kando. Fagia kwa ufagio laini tu. Zaidi ya hapo usiguse kitu. Mkuu ameahidi kwamba picha zikimridhisha mtaalamu wa nyayo anayekuja mwezi ujao, ataandika barua rasmi ya kuzuia ngazi hiyo isivunjwe.

Nina furaha sana, Mjomba. Miaka sita nasafisha mawe yaliyookotwa na watu wengine.

Chekeche wako.

18 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imefika juzi, ikiwa na alama ya grisi ya kidole cha dereva. Sote wazima. Kuku mmoja ametoroka, na shemeji yangu jirani ananenepa, sisemi zaidi.

Picha hizi hapa. Mpiga picha alilalamika kuanzia chini ya machimbo mpaka juu, kisha akagundua filamu imebaki na picha nne. Moja imetoka na kidole chake. Hizo tatu zilizosalia nilimchagulia mwenyewe alama za kupiga, ile ya nne, ya tano na ya sita, ndizo nzuri kuliko zote. Utaona zilivyotoka. Hata msimamizi ameziangalia mara mbili.

Ncha za vidole ni butu. Ufagio nimetumia wa mkaza mjomba wako, naye hajui.

Jiwe lake bado linacheza. Nimetia kokoto upande mmoja, likahamia upande wa pili, kama kiti cha mgahawani. Ananiambia fundi wa mawe wa mtaa mzima ameshindwa na jiwe moja. Nami nimekwenda kutafuta kokoto nyingine.

Basi msalimie mama yako. Dereva anapiga honi.

Mjomba wako.

1 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu.

Mtaalamu alikuja jana. Ni mama mmoja mfupi, mpole, mwenye lenzi aliyoifunga shingoni kwa kamba ya viatu. Aliutazama uzi wako kwa muda mrefu na uso wake ukachangamka. Kisha nikampa picha. Aliishika ya kwanza, ya pili, ya tatu, akairudia ya kwanza kwa lenzi. Akaniita nisogee, akanionyesha mistari midogo iliyolala sambamba ukingoni mwa alama. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole, "Binti, hizi zimechongwa."

Mkuu hataandika barua. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonikata maini. Aliuchukua uzi mezani, akauviringisha vizuri, akanirudishia.

Maswali mawili hukuyajibu, la mdomo wa tope na la tabaka la juu. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikidhani labda yamo mahali sikuona.

Jioni nilimweleza mama. Akakumbuka kobe. Anasema ulipokuwa kijana ulichonga kobe wa jiwe ukamweka kando ya bomba la maji, na mtaa mzima ulimletea majani siku tatu, na mwalimu akaleta darasa zima kumtazama. Mama alicheka alipokuwa akisimulia. Mimi sikucheka.

Sikuulizi chochote, Mjomba. Nakutakia afya njema ya mgongo.

Mpwa wako.

7 Aprili

Chekeche,

Huulizi, lakini mimi nitajibu. Mkaza mjomba wako hajambo, mtoto hajambo, kuku alirudi mwenyewe. Basi, salamu zimekwisha.

Kobe nilichonga, nikiwa na miaka kumi na tisa, na sijajuta. Nyayo sikuchonga. Naapa kwa kaburi la bibi yako, ambaye ndiye pekee aliyemtambua yule kobe asubuhi ya kwanza.

Ila nilizisafisha. Lori lilikuwa gereji, barua yako ilikuwa ndani ya lori, na mimi nilikuwa hapa nikijiambia kwamba watu wa makumbusho huenda wakaja siku yoyote. Nikatazama zile tatu. Pembeni zilikuwa na utepe umeinuka, wa ovyo, umemwagika huku na huku, na kwenye kila kidole kulikuwa na mkwaruzo mwembamba mbele ambao niliuona kama ufa. Mimi maisha yangu yote nimenyoosha kingo. Fundi wa mawe haonyeshi wageni jiwe lenye ukingo mbovu. Nikachukua tindo ndogo na nyundo ndogo, na kwa mkono mwepesi kabisa nikaondoa ule utepe na kuufuta ule mkwaruzo, alama moja baada ya nyingine. Zikatoka safi. Nikajipongeza, mwanangu. Nilikaa nikazitazama nikajipongeza.

Siku tisa baadaye nikasoma swali lako la mdomo wa tope. Nilielewa palepale nilichokuwa nimeondoa. Nilishindwa kukuandikia, kwa kuwa ulisema kule kwamba mimi siwezi kukudanganya, na nilitaka libaki hivyo angalau kwa barua moja zaidi.

Zile nane nyingine sijazigusa, lakini ni za juujuu, zimelika na maji, hazina mdomo wa kuonyesha mtu. Na najua mtaalamu wako atasema aliyechonga tatu anaweza kuchonga kumi na moja. Mwambie Mkuu kosa ni langu, si lako. Nikikuharibia jina huko sitajisamehe.

Swali la tabaka la juu naomba uniache nalo. Si uongo. Ni aibu nyingine ndogo, ya hapa kazini.

Kwa hiyo nimerudi kwenye kazi ninayoiweza. Jana niliinua pembe ya jiwe la kufulia kwa mtaimbo nione kwa nini halitulii. Kumbe upande wa chini lina vinundu vitatu vimejipanga, vimegandwa na udongo. Jumamosi ya tarehe 18 nina nafasi. Nitalipindua na kuvikata kwa tindo, likae sawa, angalau mtu mmoja katika ukoo huu aridhike nami.

Mjomba wako anayekupenda.

11 Aprili

Mjomba, usiguse tindo.

Nitakuamkia mwishoni. Dereva yuko nje, nimemwomba dakika kumi na amenipa tano.

Lile jiwe la kufulia lilitoka wapi? Ulilileta nyumbani Jumapili, na barua yako ya kwanza inasema tabaka mlilibandua wiki mbili kabla ya kuandika. Ninadhani ninajua lilikotoka, na ninadhani ninajua kwa nini hutaki kusema, na hilo la kuchukua jiwe kazini tutalizungumza siku nyingine.

Nisikilize. Mnyama akikanyaga tope, anaacha shimo. Tope lingine likija likafunika, linaingia ndani ya shimo na kulijaza. Yote mawili yakigeuka mwamba, la chini lina shimo na la juu lina kinundu, umbo lilelile kama keki na chombo chake. Ulichokikata kwenye la chini, cha juu bado kinacho. Hakuna tindo iliyowahi kupita huko. Kama vinundu hivyo ni nyayo, basi ule mdomo na ule mkwaruzo vimelala chini ya nguo za mkaza mjomba tangu Februari.

Nakurudishia uzi. Lipindueni jiwe taratibu, juu ya magunia. Udongo utoe kwa brashi na maji tu. Kisha laza uzi, fundo la nne, la tano, la sita. Yakiangukia juu ya vinundu, kamwambie msimamizi ukweli wote, halafu ulete jiwe kwa lori hilohilo.

Shikamoo, Mjomba. Shikamoo mara nyingi.

Chekeche.

18 Aprili

Chekeche wangu,

Marahaba, na usinifanyie hivyo tena. Dereva alikuja jana moja kwa moja mpaka mlangoni, na nilipoona barua inaanza bila shikamoo nikajua kuna msiba. Nilikaa chini kabla ya mstari wa pili. Mkaza mjomba wako akaninyang'anya akasoma kwa sauti, naye alipofika kwenye kuchukua jiwe kazini akanitazama kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Ndiyo, lilitoka kule. Ni kipande cha tabaka lililokuwa juu ya zile tatu. Lilikuwa na vinundu chini, halifai kazi yoyote, nikalipakia kwenye mkokoteni siku ya mapumziko nikidhani hakuna aliyeniona. Sisi tumekatazwa kuondoka hata na kokoto.

Leo asubuhi tulilipindua, mimi na jirani mnene na wenzake wawili. Mkaza mjomba wako alikuwa msimamizi, na alitusimamia kweli. Udongo aliutoa mwenyewe kwa brashi ya nguo, polepole, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kikatokea kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Mbele ya kila kidole kuna ncha ndogo kali, imechongoka. Chekeche, ile niliyoifuta kama ufa ilikuwa kucha. Na kuzunguka kinundu kuna mfereji mwembamba, pale ule mdomo ulipokuwa umeingia.

Nikalaza uzi. Mke wangu akashika upande mmoja. Fundo la nne juu ya kinundu cha kwanza. La tano juu ya cha pili. La sita, lile lililokaribia, juu ya cha tatu, sawasawa kabisa. Nililia, sikufichi. Mwezi mzima nilikuwa nimejiona mtu aliyefuta kitu ambacho hakitarudi.

Kisha nikapiga moyo konde nikaenda kwa msimamizi, nimevaa shati la kutokea. Nikamweleza yote, jiwe, mkokoteni, tindo. Akanisikiliza huku akinoa penseli. Akasema, "Nilikuona siku hiyo, Mzee. Nilijificha mimi nyuma ya ghala, usije ukaona haya." Kizingiti cha ofisi yake, nimekitazama leo kwa mara ya kwanza, kimetoka ngazi ileile. Ametupa hadi lori litakaporudi na barua ya Mkuu wako. Lisiporudi nayo, ngazi inavunjwa.

Jiwe limefungwa kwa magodoro mawili ya watoto. Mwambie mtaalamu vifungo ni vya mke wangu, asivikate.

Mjomba wako, anayesubiri.

27 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo, na mtoto nambusu, na jirani mnene pia. Mama ameshuka ngazi kwa goti lake lote ili aione bahasha hii ikifungwa.

Barua ya Mkuu iko ndani, ina mhuri. Kampe msimamizi kabla hujamaliza kusoma hii, nitakusubiri.

Jiwe liliingia chumba cha chini Jumatano. Mama mtaalamu alifungua vifungo vyote bila kukata hata kimoja, ilimchukua robo saa. Kisha akapiga magoti sakafuni na lenzi yake, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Aliponyanyuka alinitazama akasema, "Mwambie mjomba wako namwomba radhi." Nikaenda chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kazini.

Ni nyayo. Mnyama aliyetembea kwa miguu miwili, nyonga yake ilifika kidogo juu ya goti lako, na alipita pale tope likiwa bichi, zamani ambazo hata Mkuu akizitamka anapunguza sauti. Kwenye hatua ya tano alipunguza mwendo, ya sita akaiweka karibu, kisha akaendelea. Hatujui kwa nini. Watachimba kwa brashi kule zinakoingia chini ya ukuta, na nimepewa ruhusa ya kwenda nao. Kwenye daftari la makumbusho wataandika kwamba alama ya nne, ya tano na ya sita za tabaka la chini zilinyooshwa na fundi wa mawe. Niliomba iandikwe hivyo, na si "zimeharibiwa".

Sasa nami nina langu. Nilikushuku, Mjomba. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu, na siku kumi nilikuwa nikikufikiria wewe umekaa juu ya mwamba na tindo, unatunga mnyama ili mimi nifurahi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba ungefanya kwa kunipenda. Nisamehe.

Tunakuja tarehe 20 Mei, mimi, mama yangu na mama mtaalamu.

Chekeche wako.

9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua nilimpa msimamizi nikasimama hapohapo. Aliisoma, akachukua rangi nyeupe, akaenda mwenyewe kupiga mstari kuizunguka ngazi nzima. Tumehamia upande wa juu, mawe ni magumu zaidi na wenzangu wananilaumu kwa furaha. Mgongo umeacha kuniuma kwa siku nne sasa, na sijui niusifu au niuogope.

Wewe ulinishuku, mimi nilikuficha. Ngoma droo. Usilizungumze tena mbele ya mama yako, atatuletea kobe.

Msimamizi alimpa mkaza mjomba wako jiwe jipya la kufulia, kwa kibali kilichoandikwa. Nililinyoosha pande zote, lina uso kama kioo, halichezi hata ukilikalia. Amefulia siku mbili. Jana ameniambia sabuni inateleza, nguo hazishiki, na lile la zamani lilikuwa bora. Anauliza makumbusho wakishamaliza nalo watalirudisha lini.

Njooni. Siku mtakayofika nitawapeleka kwenye ngazi asubuhi jua likiwa chini, wewe na mama mtaalamu na brashi zenu. Nitasimama nje ya mstari mweupe, na kabla ya kutoka nyumbani nitamkabidhi mkaza mjomba wako tindo zote mbili, ile kubwa na ile ndogo, ndipo nije.

Mjomba wako.